Wabelgiji na bia yao: maonjo ya chupa sita

Ndugu msomaji, ukiingia katika baa yoyote ya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha na kuagiza bia, swali utakaloulizwa na mhudumu ni moja tu: ya moto au ya baridi? Ukishalijibu, mazungumzo yamekwisha. Mjini Brussels, makao makuu ya Ubelgiji, swali hilo halipo. Huko mhudumu huleta kitabu. Katika baa zenye sifa, kitabu hicho huwa na majina ya bia kwa mamia, na kila bia imeandikiwa mahali ilikotengenezwa na kiasi cha kileo kilichomo. Ukishachagua, mhudumu huenda kabatini kutafuta bilauri, kwa kuwa kila bia ina bilauri yake yenye umbo lake na jina lake. Mhudumu mwenye kujiheshimu hatakubali kukumiminia bia ya watawa katika bilauri ya bia ya ngano, hata ukimsihi.

Ubelgiji ni nchi ndogo. Tanzania ingeweza kuimeza mara thelathini na nafasi ikabaki. Hata hivyo, mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wa bia wa nchi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, orodha ile ile iliyomo ufundi wa Waganda wa kutengeneza nguo za magome ya miti. Jambo hilo lilitosha kunitia hamu ya kujua ni kitu gani kimo ndani ya chupa hizo kinachostahili heshima kubwa namna hiyo.

Ukurasa huu husomwa na wanywaji na wasiokunywa, na wapo wengi ambao dini yao imewakataza kileo moja kwa moja. Hao nao nawaomba wasiufunue na kupita. Habari ya bia ya Ubelgiji ni habari ya wakulima, watawa, sheria, vibarua na makampuni makubwa. Na sehemu moja ya habari hiyo, kama nitakavyoonyesha, imekwisha kufika hapa hapa kwetu.

Maonjo yenyewe yalifanyika Brussels, nyumbani kwa Mtanzania mwenzetu aliyeishi huko miaka mingi. Tulikuwa wanne mezani. Chupa zilikuwa sita, bilauri ndogo, mkate, jibini, na maji ya kusafishia kinywa. Mama mwenye nyumba hanywi kileo. Alikubali kunusa tu, na nakiri kwamba pua yake ilitufaa kuliko ndimi zetu tatu. Utaratibu wa kuonja ni mwepesi: kwanza utazame rangi na povu, kisha unuse, ndipo unywe funda dogo. Waonjaji wa mvinyo hutema. Wa bia humeza, kwa maana uchungu wa bia ni mgeni anayechelewa kubisha hodi.

Kabla ya kufungua chupa, yafaa tukumbushane jinsi bia ipikwavyo. Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa na kuwa kimea. Kimea husagwa na kulowekwa katika maji ya moto ili sukari yake itoke. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na maua machungu ya mmea uitwao hopi. Yakipoa hutiwa hamira, nayo hamira huigeuza sukari kuwa kileo na gesi. Mama wa Kichagga apikaye mbege hatapata taabu kuyaelewa haya. Yeye huotesha ulezi badala ya shayiri, huuchanganya na ndizi mbivu zilizopikwa, na kwa uchungu hutumia gome la msesewe. Hopi ya Mbelgiji na msesewe wa Mchagga ni watumishi wa kazi moja.

Bia nyingi za dunia ya leo, zetu zikiwemo, huchachushwa kwa hamira ipendayo baridi, ambayo huacha ladha safi isiyo na mengi ya kusimulia. Mbelgiji naye, kusema kweli, siku za kazi hunywa bia ya namna hiyo hiyo. Lakini bia zilizomletea sifa huchachushwa kwa hamira ya joto, nayo huacha harufu za ajabu: ndizi, pea, karafuu, pilipili manga. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu ndani ya pipa. Ni hamira peke yake ifanyayo hayo. Tena nyingi huongezwa sukari kidogo na hamira kabla ya chupa kuzibwa, hivyo huendelea kuchachuka zikiwa ghalani. Ndiyo sababu mmiminaji hodari huinamisha bilauri, humimina taratibu, na kuacha kidole kimoja cha bia chini ya chupa, kilipo kitope cha hamira. Kuhusu lile swali letu la moto au baridi, jibu la Mbelgiji ni kati na kati: bia nzito hunywewa zikiwa na ubaridi wa pishi, si wa barafu, kwani barafu huufisha ulimi.

Tulianza na chupa nyepesi kuliko zote, Hoegaarden, yenye kileo cha asilimia 4.9. Rangi yake ni ya majano iliyopauka, tena ina ukungu kama maji ya wali. Hupikwa kwa ngano pamoja na shayiri, na ndani yake hutiwa giligilani na maganda ya machungwa. Mama alinusa akasema, "Hii ni jiko la pilau siku ya Idi, ila nyama haijatiwa." Mdomoni ni laini, ina uchachu mdogo, na inakata kiu. Ni bia ya mchana wa jua, wala haidai zaidi ya hapo.

Habari ya bia hii ina uzito kuliko bia yenyewe. Hoegaarden ni jina la kijiji, na bia ya ngano ya kijiji hicho ilikufa katika miaka ya 1950, kiwanda cha mwisho kilipofunga milango. Katikati ya miaka ya 1960, Pierre Celis, muuza maziwa ambaye ujanani alisaidia kazi katika kiwanda kile, aliamua kuifufua. Alifanikiwa kupita matazamio. Lakini mwaka 1985 moto uliteketeza kiwanda chake, naye akalazimika kupokea fedha za kampuni kubwa ya bia ili ajenge upya. Mwenye fedha akawa mwenye sauti. Celis aliuza sehemu yake, akahamia Texas, Marekani, akaanza tena kupika bia ile ile kwa jina lake mwenyewe.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2005 kampuni ile, ambayo wakati huo iliitwa InBev, ilitangaza kwamba kiwanda cha Hoegaarden kitafungwa na bia itapikwa Jupille, katika kiwanda kikubwa zaidi. Wanakijiji na wafanyakazi waliandamana. Waliuliza: bia yenye jina la kijiji chetu itapikwaje mahali pengine? Mwaka 2007 kampuni ilibadili uamuzi, na bia ikabaki kijijini. Wapo wasemao kwamba huko Jupille ladha yake ilishindwa kupatikana sawasawa. Iwe ladha au iwe maandamano, vibarua wa Hoegaarden walibaki kazini.

Kwa nini nimekisimulia kisa hiki kwa kirefu? Kwa sababu kampuni ile ile, iliyokwisha kukua na kuitwa AB InBev, yenye makao yake Leuven nchini Ubelgiji, mwaka 2016 iliinunua kampuni ya SABMiller. Na katika mali iliyorithi mlikuwamo sehemu kubwa ya hisa za Tanzania Breweries. Kampuni hiyo yetu iliingia katika mikono ya umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha mwaka 1993 Serikali ikauza nusu yake kwa Wamakaburu wa viwanda vya bia vya Afrika Kusini. Hivyo Mtanzania anyweaye Safari au Kilimanjaro jioni ana uhusiano na Leuven, apende asipende. Swali la wanakijiji wa Hoegaarden, la nani huamua bia ya mahali ipikwe wapi na kwa mikono ya nani, si la Wazungu peke yao.

Chupa ya pili ilikuwa Duvel, asilimia 8.5. Jina hilo ni neno la Kiflemi lenye maana ya shetani. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliitwa bia ya ushindi, hadi mwaka 1923 ilipopewa jina hilo la kutisha. Inametameta kama dhahabu, povu lake jeupe husimama kama kilemba, na mdomoni ni kavu, haina utamu wa kung'ang'ania. Hapo ndipo penye hila: inanyweka kama bia ya kawaida, wala si ya kawaida. Sikuipa alama za juu. Kinywaji kinachoficha nguvu zake kwa ustadi namna hiyo, mimi sikiamini.

Utauliza, ndugu msomaji, kwa nini Wabelgiji walizifanya bia zao kuwa kali kiasi hicho. Sababu ni nyingi, lakini moja ni ya kisiasa. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria iliyopigania kumwokoa mfanyakazi katika balaa la pombe kali. Mwenye sheria hiyo alikuwa Emile Vandervelde, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na waziri wa sheria. Ndiye yule yule aliyesimama bungeni kuushutumu ukatili wa Mfalme Leopold wa Pili katika Kongo. Sheria yake ilikataza pombe za kukenewa kuuzwa katika baa. Madukani ziliruhusiwa, lakini kwa sharti la kununua lita mbili kwa mpigo, bei ambayo kibarua hakuweza kuimudu siku ya mshahara wake mdogo. Ilidumu zaidi ya miaka sitini, ikafutwa katika miaka ya 1980. Basi aliyezoea kupasha moyo kwa kikombe cha jini alianza kutafuta ukali ule ule ndani ya bia, na wapika bia hawakukosa kumsikia. Mtunga sheria alitaka jambo moja, na chupa ikajibu kwa jambo lingine.

Sasa tuingie kwa watawa. Watrapisti ni watawa wa Kikatoliki wanaoishi kwa sala, ukimya na kazi za mikono, na kwa baadhi yao kazi hiyo ni kupika bia. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1997, kina alama maalumu inayobandikwa kwenye chupa, na masharti ya kuipata ni makali: bia ipikwe ndani ya eneo la monasteri, watawa wenyewe waipike au waisimamie, na mapato yatunze monasteri na kusaidia wenye shida, si kumtajirisha mtu. Nchini Ubelgiji alama hiyo imebaki kwa monasteri tano: Westmalle, Westvleteren, Chimay, Orval na Rochefort. Ya sita, Achel, iliipoteza mwaka 2021, watawa walipokwisha. Bia yake haikuacha kupikwa, wala ladha yake haikubadilika usiku mmoja. Kilichokosekana ni watu wa kusali pale.

Westmalle Tripel, asilimia 9.5, ilikuwa chupa yetu ya tatu. Watawa wa Westmalle walikunywa bia yao ya kwanza mwaka 1836, na hii ya rangi ya dhahabu imeigwa na wapika bia wa nchi nyingi. Mama alitaja ndizi sukari. Mimi niliongeza asali iliyotiwa ndimu. Uchungu wake huja mwishoni, kwa adabu. Kama msomaji ataonja bia moja tu ya Ubelgiji maishani mwake ili apate kujua Wabelgiji wanazungumza nini, nadhani iwe hii.

Westvleteren haikuwamo mezani, lakini siwezi kuiruka. Watawa wake huuza bia kidogo, ambayo kwa miaka mingi ilipatikana aghalabu kwa mtu aliyeweka oda mapema na kufika mwenyewe langoni, na chupa zao hazikubandikwa hata karatasi ya jina. Mwaka 2005 bia yao kali ilitangazwa na wapenzi wa bia kuwa bora duniani, na magari yakajaa barabarani mpaka mashambani. Sisi tuna methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu hakulitia maji, wala hakuongeza mapipa. Alisema watawa hupika bia ili wapate kuishi kitawa, basi, na kiasi cha zamani kinatosha. Mwaka 2012 tu, walipohitaji fedha za kujengea monasteri yao, ndipo walipokubali kuuza kiasi fulani nje kwa muda, kisha wakarudi kwenye desturi yao.

Orval ndiyo iliyoniteka. Monasteri yake iliteketezwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, ikabaki magofu kwa zaidi ya karne moja. Ilipoanza kujengwa upya mwaka 1926 fedha zilihitajika, na kiwanda cha bia kikaanzishwa mwaka 1931 ili kulipia mawe na chokaa. Karatasi ya chupa ina samaki mwenye pete ya dhahabu mdomoni. Husimuliwa kwamba Matilda, mtawala wa Tuscany, alidondosha pete yake katika chemchemi ya bonde lile, akaomba, na samaki akaiibua.

Bia yenyewe ina asilimia 6.2, rangi ya shaba, na povu zito lisilokubali kushuka. Ndani ya chupa hutiwa, pamoja na hamira ya kawaida, hamira ya mwitu ambayo wapika bia wengine huiogopa kama ugonjwa. Chupa changa huwa chungu na yenye harufu ya maua ya hopi. Iliyokaa mwaka mmoja au zaidi hukauka, uchungu hutulia, na hapo hutokea harufu ya ngozi na ya zizi. Chupa yetu ilikuwa imekaa. Mama alirudisha uso nyuma: "Hii imenuka banda la mbuzi!" Alisema kweli, nami niliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Jambo linalostahili kupendwa hapa ni kwamba monasteri huuza madukani bia moja tu, lakini mnywaji hapati bia ile ile mara mbili. Muda ndio mpishi wa pili.

Chupa ya tano ilihitaji safari. Katika mtaa wa Anderlecht, karibu na stesheni kuu ya reli ya kusini mwa Brussels, kuna kiwanda cha ukoo kiitwacho Cantillon, kilichoanza mwaka 1900, ambacho mgeni huruhusiwa kukitembelea. Hapa hakuna atiaye hamira. Juu darini kuna beseni pana la shaba, lenye kina kifupi. Maji ya kimea yaliyokwisha kuchemshwa humwagwa humo jioni yapoe usiku kucha, na hewa ya nje huingia kwa matundu ya paa. Vijidudu vya hamira vya mwitu vilivyomo hewani na ndani ya mbao hutua wenyewe. Asubuhi bia hushushwa katika mapipa ya mwaloni, na huko hukaa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Buibui hawafukuzwi, kwa kuwa hula vijinzi vinavyopenda matunda na mapipa. Kazi hii hufanywa majira ya baridi peke yake, maana wakati wa joto vijidudu viharibifu huzidi. Na wapikaji wa bia hii wamelalamika kwamba usiku wenye baridi ya kutosha unazidi kupungua kadiri hali ya hewa inavyobadilika.

Bia hii huitwa lambiki, na ikichanganywa changa na ya zamani, ikachachuka tena chupani, huitwa gezi. Tulionja gezi. Wageni wengi hukunja uso, kwa kuwa ina uchachu wa ndimu na haina utamu kabisa. Sisi hatukukunja. Mtu aliyekunywa ulanzi wa Iringa uliolala siku mbili, au tembo la mnazi la jana yake, anaujua uchachu huu. Nao ulanzi haupikwi wala hautiwi hamira. Mwanzi hukatwa, utomvu hudondoka, hewa humaliza kazi. Tofauti iko mahali pawili. Mbelgiji amepata njia ya kuituliza bia hiyo ikae miaka, hali ulanzi huharibika kwa siku. Tena Mbelgiji huandika tarehe ya kila pipa na huwaonyesha wageni kiwanda chake kama makumbusho. Kwetu pombe hizi huitwa za kienyeji, na neno hilo husemwa kwa sauti ya kushusha. Hatujapata kuketi mezani tukaandika kwamba mbege ya kijiji hiki ni bora kuliko ya kile, na kwa sababu gani.

Kabla ya chupa ya mwisho, hesabu kidogo kwa ajili ya wenye familia. Nusu lita ya bia ya kawaida yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Kichupa cha Westmalle Tripel cha mililita 330 kina zaidi ya 31. Mwenye kuzoea kuhesabu chupa atajidanganya, ahesabu kileo. Na Shirika la Afya Duniani lilieleza waziwazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mama mjamzito na mtu atakayeshika usukani hawana la kuonja hapa.

Rochefort 10, asilimia 11.3, ina mililita 37 za kileo katika kichupa kile kile kidogo, yaani chupa moja na nusu za kwetu. Ni nyeusi yenye wekundu. Mama aliinusa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, akataja sukari guru, tende, na ndizi zilizoungua chini ya sufuria. Ilikuwa vivyo hivyo mdomoni, pamoja na joto linaloshuka kifuani polepole. Ni nzuri sana, tena haiendi na chakula, ni chakula. Chupa moja ilitutosha watatu, na robo ya bilauri yangu ilibaki mezani.